Majaribio yalinifurahisha, gemu kamili inaniua: nivumilie au niirudishe?

Swali: Nimecheza Battlefield 4, gemu ya vita ya mtandaoni, kwa miaka mingi na marafiki zangu watatu. Battlefield 2042 ilituvunja moyo, tukarudi kwenye ile ya zamani. Agosti 2025 nikajaribu Battlefield 6 kwenye kompyuta ilipofunguliwa kwa kila mtu, nikaipenda mno, ila ilipotoka sikununua. Nilitaka kwanza kuona wengine wanasemaje. Wiki hii nimeinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni. Nimecheza kama saa moja na ile raha siioni. Nauawa kabla sijamwona adui, ramani ni kubwa na tupu, mwendo umekuwa mzito. Je, wameibadilisha, au mimi ndiye nimezeeka? Niirudishe? Wenzangu wanasubiri kauli yangu.

Jibu:

Ndugu yangu, kabla ya lolote, ifunge gemu. Sisemi uiache, nasema uisimamishe saa inayohesabu. Steam hurejesha fedha kwa ombi lililotumwa ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi hujafikisha saa mbili za kucheza, na saa hizo hazihesabu mapigano peke yake. Muda uliokaa kwenye menyu ukipanga bunduki umo, muda ambao gemu ilikuwa ikiandaa michoro yake mara ya kwanza umo, hata ule ulioinuka kupokea simu ukaiacha wazi nao umo. Una saa moja mkononi. Ikitumiwa kwa mpango, inatosha. Mwenzenu yeyote atakayenunua kwenye PlayStation Store ajue kwamba huko, ukishaanza kupakua, nafasi ya kubadili mawazo imekwisha.

Sasa swali lenyewe. Ndiyo, wameibadilisha, na hisia zako hazikudanganyi. Majaribio yale yalikuwa wazi kwa wote tarehe 9 na 10 Agosti, kisha tena kuanzia 14 hadi 17, na Steam ilihesabu wachezaji zaidi ya 520,000 waliokuwa ndani kwa wakati mmoja. Umati kama huo hauchelewi kugundua mwanya. Waliozoea gemu za kasi waliona kwamba ukiteleza chini kisha ukaruka, mwendo wa mtelezo unaingia kwenye mruko, na ukirudiarudia unampita adui pembeni huku ukifyatua bila yeye kukushika kwenye shabaha. Kabla gemu haijatoka tarehe 10 Oktoba, watengenezaji walitangaza kwamba wamepunguza kasi inayobebwa kutoka kwenye mtelezo, wameweka adhabu kwa anayeruka mfululizo, na risasi za aliye hewani au anayeteleza zitatawanyika zaidi. Huo ndio uzito unaousikia. Mimi nauunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote. Gemu ambayo mtu anaweza kuruka kutoka kwenye kosa lake inaua thamani ya kuchagua mahali pa kusimama, na kuchagua mahali pa kusimama ndiyo raha iliyokuweka Battlefield 4 miaka yote hiyo.

Ramani nazo zina maelezo yake. Kwenye majaribio ulipewa Siege of Cairo, Iberian Offensive na Liberation Peak, na wikiendi ya pili ikaongezwa Empire State. Ukiondoa Liberation Peak yenye vilima, hizo ni ramani za vichochoro na kona: unarudi uwanjani, sekunde chache baadaye unapigana. Gemu kamili ilitoka na ramani tisa, na mojawapo ni Mirak Valley, bonde pana kuliko nyingine zote zilizokuwemo siku hiyo. Ukiangukia huko na bunduki ya masafa ya karibu uliyoizoea Cairo, utakimbia dakika nzima bila kuona mtu, kisha mtu aliye mlimani akumalize. Ramani si tupu. Umeingia uwanja wa vifaru na helikopta ukiwa umejiandaa kwa uchochoro.

Jambo la kuuawa kabla hujamwona adui nitalikalia zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuilaumu gemu, au mbaya zaidi, kujilaumu wenyewe.

Chukua bunduki yoyote inayotema risasi 800 kwa dakika. Hiyo ni risasi moja kila sekunde 0.075. Ikiwa risasi tano zinatosha kukuangusha, kati ya ya kwanza na ya tano kuna sekunde 0.3. Mtu wa kawaida huhitaji karibu robo ya sekunde kuanza tu kuitikia kitu alichokiona. Maana yake, mtu anayelenga vizuri akishakupiga risasi ya kwanza, muda uliobaki ni wa kushtuka, si wa kugeuka na kujibu. Hesabu hiyo haimbagui mtu kwa umri. Yule unayemdhania ana wepesi wa ajabu mara nyingi alishakuona zamani, akatulia, akalenga kifua, ndipo akafyatua. Kwa hiyo kinachokupungukia saa hii si kasi ya kidole. Ni kujua watu hutokea wapi, na hilo hujifunzwa ramani kwa ramani.

Juu ya hapo kuna mtandao. Adui anapochomoza kwenye kona, kwenye skrini yake wewe uko palepale uliposimama, kwa hiyo anakuona papo hapo. Lakini habari kwamba amechomoza inabidi isafiri kutoka kwake hadi kwenye seva, ile kompyuta kuu inayoendesha pambano, kisha kutoka kwenye seva hadi kwako. Kila safari ikichukua milisekunde 40, na seva ikaongeza muda wake wa kuchakata, pambano linaanza ukiwa nyuma kwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Rudi kwenye ile hesabu ya sekunde 0.3 uone umebakiwa na nini. Ndiyo sababu kujibanza kwenye ukingo wa kona ukimvizia mtu, jambo ambalo akili inakuambia ni salama, kunakuua mara nyingi kuliko kunavyokuokoa. Rudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwenye ukingo, kaa mahali ambapo adui ataona sehemu ndogo tu ya mwili wako, na uhame baada ya kila mtu unayemwangusha. Hata kile kifo kinachokera kuliko vyote, cha kufa ukiwa umeshafika nyuma ya ukuta, asili yake ni hiyohiyo: kwako umeshafika, kwake ulikuwa bado nje, na seva imekubali alichokiona yeye.

Mikono nayo ina deni lake. Battlefield 4 imekufundisha mambo mengi ambayo huyafikirii tena, na sasa uko kama mtu aliyehamia nyumba mpya, usiku anapapasa ukuta akitafuta swichi mahali ilipokuwa kwenye nyumba ya zamani. Mfano ulio wazi ni huu. Kwenye Battlefield 4, mwenye dawa na mashine ya kufufulia alikuwa Assault, mojawapo ya kazi nne za askari. Mtu wa zamani akiingia Battlefield 6 huchagua Assault bila kuwaza, anamkimbilia mwenzake aliyelala chini katikati ya risasi, anatafuta mashine, haipo, na wote wawili wanakufa hapohapo. Sasa mashine ile iko kwa Support, pamoja na mfuko unaotibu na kugawa risasi. Mwenzako wa kikosi unaweza kumwinua hata bila mashine, tena ukiwa unamburuta kuelekea kwenye kinga, ila inachukua muda zaidi na kwa wakati huo huwezi kufyatua. Ukishaliweka hili kichwani, vifo vyako kadhaa kwa kila raundi vitapotea bila shabaha yako kuongezeka hata chembe.

Kumbuka pia kwamba umeingia watu wakiwa wameshatangulia. Vifaa vya bunduki, yaani darubini, mishiko, mitutu na magazini, hufunguka kadiri unavyoitumia bunduki hiyo, na kila kifaa kina alama zake ndani ya bajeti ya alama 100. Bunduki yako mpya karibu iko uchi; ya mwenzako imepangwa kwa wiki nyingi. Pengo hilo linaudhi, sikatai, lakini hufifia kadiri unavyocheza. Chagua bunduki moja uishikilie, usirukeruke.

Hapo tumemaliza ya kwako; sasa ya gemu yenyewe. Mtu anapoonja mwendelezo wa mfululizo anaoupenda, kitu cha kwanza cha kujiuliza kuhusu kila kinachomkera ni hiki: je, hili linaweza kurekebishwa kwa sasisho, au liko ndani ya kiunzi cha gemu? Watu huchanganya mambo haya mawili, wakanunua gemu mbovu kwa sababu ilikuwa laini wikiendi ya majaribio, au wakaitupa nzuri kwa sababu seva zilianguka siku ya kwanza.

Gemu unayoipenda wewe ni ushahidi. Battlefield 4 ilitoka tarehe 29 Oktoba 2013 ikiwa katika hali ya kusikitisha. Ilikuwa inazimika katikati ya raundi, na seva ilikuwa ikimtumia mchezaji habari mara 10 tu kwa sekunde. Kati ya habari moja na nyingine kulikuwa na milisekunde 100, na kwa bunduki ile ya risasi 800 kwa dakika, risasi mbili zingeweza kukufikia kwa pamoja ndani ya habari moja. Mchezaji akaona amepigwa mara moja akafa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Desemba ya mwaka huohuo DICE, watengenezaji wake, walisema hawataendelea na kazi nyingine mpaka waitengeneze. Wakafanya hivyo: 2014 wakafungua seva za majaribio ambako wachezaji walijaribu marekebisho kabla hayajafika kwa wote, mwendo wa habari ukaongezwa, na baadaye kompyuta zikapata seva za mara 60 kwa sekunde na zaidi. Kilichobaki baada ya uchafu kuoshwa ni ramani nzuri, kazi za askari zilizogawanywa vizuri, na bunduki zenye tabia tofauti. Kiunzi kilikuwa kizima tangu mwanzo.

Sasa tazama Battlefield 2042, iliyotoka Novemba 2021. Nayo ilikosa mambo madogo yaliyowashangaza watu, kama ubao wa alama wa kawaida na mawasiliano ya sauti ndani ya gemu. Hayo yaliongezwa ndani ya miezi kadhaa na hayakuwa ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa kwamba ramani zilichorwa kwa ajili ya wachezaji 128, zikawa pana, za kukimbia sana na kujificha kidogo, na kwamba kazi nne za askari ziliondolewa, mahali pake wakaja watu maalumu ambao kila mmoja angeweza kubeba karibu chochote. Ukimwona mwenzako mbali, hukujua kama ana dawa, risasi au roketi. Ilibidi ramani zichorwe upya moja baada ya nyingine, na mfumo wa kazi za askari ukarudi mapema 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya gemu kutoka. Wakati huo nyinyi mlikuwa mmeshaondoka, na siwalaumu.

Ukiishika Battlefield 6 kwa kipimo hicho, kiunzi chake ni kizuri. Wachezaji wamerudi kuwa 64. Kazi nne zipo na mipaka yake inaeleweka. Majengo yanabomoka kwa namna inayobadilisha njia za kupita, si kwa urembo. Na kikosi ni cha watu wanne, wewe na marafiki zako watatu hasa, bila mgeni wa kujaziwa kama ilivyokuwa kwenye kikosi cha watano cha Battlefield 4. Kasoro zake nyingi ninazoziona ni za aina ile nyingine: bunduki moja ikiwa na nguvu kupita kiasi mwezi huu, usajili wa risasi, yaani gemu kutambua risasi iliyompata mtu, ukilalamikiwa baada ya sasisho fulani, vifaa kufunguka polepole. Hizo ni kazi za wiki na miezi. Kama kuna jambo la kiunzi linaloweza kukukera, ni kwamba ramani kadhaa zinasukuma watu karibukaribu kuliko ulivyozoea, na hilo halitaondoka kwa sasisho moja.

Basi saa uliyobakiwa nayo uitumie hivi. Kwanza, gemu ikiwa imefungwa, maliza yote yasiyohitaji iwe wazi. Zima uongezaji kasi wa kipanya kwenye mipangilio ya Windows. Unganisha kompyuta kwa waya kama ulikuwa unatumia Wi-Fi, kwa sababu Wi-Fi inayoyumba huonekana uwanjani kama adui anayeruka kutoka hapa hadi pale. Hakikisha skrini yako imewekwa kwenye kasi yake ya juu. Wapo wenye skrini ya hezi 144, yaani inayoweza kubadili picha mara 144 kwa sekunde, inayofanya kazi kwa 60 na hawajui. Ndipo ufungue gemu, uzime ukungu wa mwendo, chembechembe za filamu na mtikisiko wa kamera, na ushushe ubora wa michoro mpaka fremu, yaani picha ambazo gemu inachora kila sekunde, zitulie. Fremu 80 zisizoyumba ni bora kuliko 120 zinazoanguka hadi 50 jengo linapobomoka, maana wakati jengo linabomoka ndio hasa wakati unaohitaji kulenga.

Kisha nenda uwanja wa shabaha kwa dakika kama kumi, bunduki moja tu. Simama mbele ya ukuta, fyatua magazini nzima bila kuizuia bunduki isipande, uone inapanda kuelekea upande gani. Rudia ukiivuta chini. Ukiona risasi zimeanza kukusanyika, geukia shabaha za mbali, ufyatue kwa mafungu ya tatu au nne. Mtu wa Battlefield 4 atashangaa jinsi somo hili dogo linavyorudisha heshima yake.

Baada ya hapo cheza raundi moja au mbili kamili, ukiwa Support. Nasisitiza Support kwa sababu utakuwa na kazi hata pale shabaha inapokataa: unafufua, unagawa risasi, unajifunza njia za ramani ukiwa nyuma ya watu wanaozijua. Ukiweza, tafuta Operation Firestorm. Ramani hiyo ilizaliwa Battlefield 3 mwaka 2011, ikaja Battlefield 4 kupitia nyongeza ya Second Assault, kwa hiyo miguu yako inaijua. Hapo ndipo utakapotofautisha ugeni wa gemu na ugeni wa mahali. Ukifa Firestorm kwa namna ile ile uliyokuwa ukifa kwenye Battlefield 4, kwa kosa unaloweza kulitaja, gemu iko sawa na wewe uko njiani. Ukifa na baada ya kila kifo huwezi kueleza kilichotokea, hata ukiwa na mtandao mzuri na fremu zilizotulia, basi huenda mwendo wake haukufai, na ombi la kurudishiwa fedha ulitume ukiwa chini ya saa mbili bila kuona haya. Mimi natarajia utabaki nayo. Malalamiko yako yote matatu yana sababu ninazoweza kuzionyesha, na hakuna hata moja linalonikumbusha ugonjwa wa 2042.

Kuhusu wenzako, wasinunue kwa kauli yangu wala kwa yako. Tangu tarehe 28 Oktoba 2025 kuna REDSEC, sehemu ya bure ya gemu hii. Ni mapigano ya mwisho-abakie, ambako anayebaki hai wa mwisho ndiye mshindi, kwa hiyo haitawaonyesha vita vya kuteka maeneo mnavyovipenda, lakini bunduki, mwendo, kazi za askari na ubomoaji ni vilevile. Wapakue, mcheze wote wanne jioni moja. Kompyuta isiyoweza kuiendesha itajulikana hapo, kabla pesa haijatoka. Na msiifute Battlefield 4. EA, kampuni inayomiliki gemu hizi, walizima mtandao wa matoleo ya PlayStation 3 na Xbox 360 Novemba 2024, lakini la kompyuta halikuguswa, na seva zake za kukodi zinashikiliwa na wachezaji wenyewe. Hamlazimiki kuhama kama walivyolazimika wachezaji wa gemu nyingine, Overwatch ya kwanza, ambayo ilizimwa Oktoba 2022 ili kuipisha ya pili.

Jambo moja wakague kabla ya kupakua chochote: kwenye kompyuta, gemu hii na REDSEC zinadai Secure Boot, kinga inayokagua programu kompyuta inapowaka, iwe imewashwa, kwa ajili ya mfumo wa kuzuia wadanganyifu. Huwashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijaanza. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni ni suala la dakika chache, lakini yenye Windows iliyowekwa zamani kwenye diski ya MBR, mpangilio wa kizamani wa diski, itabidi diski igeuzwe kwanza iwe GPT, mpangilio mpya, la sivyo haitawaka. Mwenye kompyuta ya namna hiyo ahifadhi nakala ya mafaili yake yote kabla ya kugusa kitu.